Utepe wa Zambarau na Jina la Mtoto wa Sauda

Nina kesi hapa. Si hadithi ya kumlaza mtu, ni kesi, na majaji ni ninyi. Mnaipokea au niondoke nayo? Mmeipokea. Basi anayechezea simu aiweke chini, na yule mwenye tabia ya kudakia maneno kabla sijamaliza, namjua alipokaa, leo avumilie.

Kesi imetoka Lushoto, milimani, kwenye ofisi ndogo iliyo juu ya duka la mbegu. Wamo mabinti watatu. Nasema mabinti nikijua ninachosema, maana kuna watu wakisikia habari za kompyuta wanaanza kumtafuta mwanaume aliyewafundisha. Humu hayumo. Yumo dereva, na huyo tutamfikia.

Wa kwanza Mwanahija, Mdigo wa pwani. Kipaji chake ni jicho. Mama yake ni mshonaji wa mikeka, na tangu utotoni Mwanahija alikuwa akiingia ndani na kusema, "Mama, hapo umekosea," kabla hata hajavua viatu. Mtu haukagui mkeka kwa kuhesabu miyaa, vile vipande vya ukindu, mmoja mmoja. Unautupia jicho, na mwaa uliokaa vibaya unajitangaza wenyewe kwa rangi yake.

Wa pili Naelijwa, Mpare wa Same, na watani wa Wapare mmeshaanza kucheka, mnajua hapo pana ubishi. Kweli upo. Lakini kipaji chake ni maneno. Jambo ambalo mwingine angelizungusha mpaka chai ipoe, yeye analisema kwa pumzi moja na hata mtoto analielewa.

Wa tatu Zaituni, Msambaa, mwenyeji wa hapohapo. Kipaji chake ni watu. Akikutana nawe mara moja anajua umeoa wapi, unanyolewa wapi, na ukinuna unakwenda kukaa kwa nani.

Kazi ya ofisi ilikuwa hii. Mama mjamzito wa vijijini akishikwa uchungu, anapiga namba. Simu inapokelewa na programu iliyo ndani ya seva, na seva msiiogope, ni kompyuta tu, ila yenyewe haizimwi. Programu inamuuliza mama jina lake na kijiji alipo, inatafuta gari lililo karibu, inamtumia dereva ujumbe. Dereva anawasha gari, mama anafikishwa hospitali. Siku nyingi mambo yalikwenda hivyo, na milima ile watu wakaanza kulala usingizi.

Sasa, programu inapofanya kazi huwa inajisemea. Kila inachofanya inakiandika mstari mmoja kwenye skrini nyeusi: nimepokea simu, nimetafuta gari, nimetuma ujumbe. Mafundi wanaiita logi. Mistari inaandikwa mmoja chini ya mwingine, ya zamani inapanda juu na kupotea. Yote ni maandishi meupe na yote yanafanana. Hata programu inaposhindwa, inasema nimeshindwa kwa weupe uleule, na mstari unapanda na kupotea kama mingine. Mtu aliyewekwa kuiangalia logi ya namna hiyo, kufika saa nne asubuhi macho yako wazi lakini haoni kitu.

Mwanahija hakuivumilia. "Huu ni mkeka usiotiwa rangi," alisema. "Nani atauona mwaa mbovu?"

Akakaa kuandika maktaba. Wenye kazi yao hawaandiki kila kitu upya kila siku. Mtu akitengeneza kipande kizuri cha programu, anakiweka mahali wengine wakichukue, wakitumie ndani ya programu zao, na kipande hicho ndicho wanachokiita maktaba. Ya Mwanahija akaiita Miyaa. Kazi yake ni kuipaka logi rangi: kabla ya maneno inaweka alama usiyoiona wewe, inayoiambia skrini badili rangi, na baada ya maneno inaweka nyingine ya kusema rudi ulivyokuwa. Ukisahau ile ya pili, rangi inamwagikia mistari yote inayofuata, kama miyaa iliyoshonwa kabla rangi haijakauka. Mwanahija hakuisahau. Ile kazi ilikuwa safi, na mimi ambaye si mtu wa kusifia ovyo naisifia.

Lakini rangi zenyewe, jamani, hapo ndipo palipochafuka.

"Kosa liwe jekundu," meneja wa ofisi alisema. "Dunia nzima kosa ni jekundu."

"Dunia nzima haijui mpira," Mwanahija akamjibu. "Nyekundu ni rangi ya timu yangu, ya ubingwa. Siiweki kwenye makosa. Kosa liwe kijani."

Naelijwa, ambaye timu yake ni ya kijani na njano na huivaa hata kanisani, akageuka na kiti chake. "Rudia."

"Kosa liwe kijani. Au njano, ukipenda. Kwenu si ndiko yanakotoka?"

"Ukiweka kijani kwenye kosa, mistari yangu mimi naiandika bila rangi, na hiyo maktaba yako ukafungie vitumbua."

Wakabishana siku hiyo, wakabishana kesho yake. Mwisho wakapatana kama watani wanavyopatana, yaani wote wakose. Nyekundu ikafukuzwa, kijani ikafukuzwa, njano ikafukuzwa. Rangi zote tatu ambazo mafundi wa dunia nzima wanazitumia, Miyaa haikuwa nayo hata moja. Jambo lililokwenda vizuri likapewa bluu, onyo likapewa waridi, na kosa likapewa zambarau kwa kuwa hakuna timu inayoivaa. Fundi mmoja alitoka Dar es Salaam kuja kuwatembelea, akaitazama skrini yao, akauliza, "Hii ni logi au keki ya harusi?"

Tena zambarau juu ya weusi haionekani. Mwanahija alijaribu, herufi zikazama. Badala ya kukubali ameshindwa arudi kwenye nyekundu, akaigeuza kazi: hakuyapaka maneno, akapaka chini ya maneno, akaivuta ile rangi kutoka ukingo wa skrini hadi ukingo wa pili. Kosa likawa utepe mpana wa zambarau na herufi nyeupe juu yake. Hapo hata mpita njia angeuona.

Rangi peke yake ni bubu, lakini. Inakuambia tazama, haikuambii kuna nini. Maneno yalikuwa mikononi mwa Naelijwa, kwa kuwa yeye ndiye aliyeandika programu yenyewe ya kupokea simu na kutafuta magari. Ilikuwa juu yake kuamua programu iseme nini, na iseme wakati gani.

Mafundi wengi hapo wangeandika maneno mawili ya Kiingereza na namba, ambayo maana yake ni kwamba kuna kitu kimeshindikana. Kitu gani? Kwa nani? Ukatafute. Meneja naye aliyataka hayohayo.

"Naelijwa, huu ni mfumo wa kitaalamu," alimwambia. "Kiswahili hakikai vizuri kwenye seva."

"Seva imekwambia?"

"Futa hiyo mistari, uandike upya kama wenzako wanavyoandika."

"Nimesikia," Naelijwa akasema, na kusikia alisikia, ila kufuta hakufuta. Aliiacha kama ilivyo, na mingine akaongeza, kwa kumkomoa meneja, na alicheka peke yake alipokuwa akiiandika. Ule wa dereva asiyepatikana aliuandika hivi: DEREVA HAJAPATA UJUMBE. Halafu jina la mama, halafu kijiji alipo, halafu: ANASUBIRI GARI AMBALO HALIJI. MPIGIE DEREVA SASA.

Sikilizeni tena maneno haya. Gari ambalo haliji. Kuna mtu anaweza kuyasoma hayo kwenye skrini akaendelea kukaa?

Na mtu wa kuyasoma alikuwa Zaituni. Kiti cha mbele ya skrini kilikuwa chake, na simu ya mezani yake. Alipokuwa anawaandikisha madereva, kila mmoja alimuuliza swali ambalo hakuna aliyemtuma aulize: "Simu yako isipopatikana, nikuulizie kwa nani?" Majibu aliyaweka kichwani. Meneja alipojua alimkataza. Habari za wagonjwa ni siri, alisema, hakuna kupigia watu wa pembeni. Na alikuwa na haki, msimcheke kwa kila kitu.

Haya. Sauda ni mke wa mkulima wa viazi, kijiji cha Kwengoma, juu kabisa. Uchungu wa mimba yake ya kwanza ulimfika kabla huduma hii haijaanza. Wakamshusha kwa machela kwenye utelezi, na mtoto akafia njiani, tumboni mwa mama yake. Mama mkwe wake, Bi Mwantumu, alikuwa ameshika ncha ya ile machela. Sasa Sauda alikuwa na mimba ya pili, na nyumba nzima ilikuwa ikimtembeza kama yai.

Uchungu ukaanza mchana, siku ya gulio, mvua imeshuka ya kutosha. Bi Mwantumu akapiga ile namba. Programu ikapokea, ikauliza jina na kijiji, ikajibiwa, ikamchagua dereva Mhina ambaye gari lake lilikuwa bonde la chini ya kijiji. Ikamtumia ujumbe. Mtandao wa bonde lile ulikuwa umekatika kwa mvua, na ujumbe haukufika. Programu ikajaribu tena, wapi. Kule Kwengoma watu wameshamfunika Sauda kanga, wamekaa barazani, wanatega sikio wasikie gari. Gari haliji na hawajui kwamba haliji.

Siku ile simu za ofisini zilikuwa nyingi, mistari inakimbia. Mwanahija na Naelijwa walikuwa chumba cha pili wakila mahindi ya kuchoma na kuzozana, bila shaka kuhusu mpira. Na Zaituni, sitaki kumficha, alikuwa amegeuza uso dirishani, anaongea kwa simu na dada yake habari za sare za harusi.

Utepe wa zambarau ukatokea chini ya skrini. Ukapanda. Kwa pembeni ya jicho Zaituni akaona kitu kipana kinapita, akasema "Subiri, dada," akageuka, na utepe umeshapotea juu. Akairudisha mistari nyuma. Ule hapo. DEREVA HAJAPATA UJUMBE. SAUDA. KWENGOMA. ANASUBIRI GARI AMBALO HALIJI.

Akampigia Mhina, hapatikani. Akampigia tena, hapatikani. Akakumbuka kwamba Mhina mvua ikinyesha hakai garini, simu anaiacha humo na yeye anakwenda kwa kinyozi aliye juu ya barabara, ambako mtandao unashika. Akampigia kinyozi.

"Mhina yupo hapo?"

"Yupo. Nusu kichwa."

"Mwache nusu hivyohivyo. Mwambie Kwengoma, mama yuko kwenye uchungu, aondoke sasa hivi."

Mhina akaondoka na nusu ya nywele zake. Sauda akafikishwa hospitali na mtoto ameshaanza kutoka, kitovu kimemzunguka shingo. Mkunga akakikwamua. Mtoto alikuwa wa kike, wa bluu kwanza, kisha akalia, na Bi Mwantumu aliyekuwa kwenye korido akakaa chini sakafuni, akalia naye. Baadaye mkunga alimwambia wazi kwamba mngechelewa kidogo tu, tungekuwa tunaongea mengine.

Sasa ndiyo tumefika kwenye kesi yenyewe. Yaliyotangulia ilikuwa kuweka mkeka.

Kwa desturi ya nyumba ile, mtoto wa kike wa kwanza jina lake anatoa mama wa baba. Bi Mwantumu aliuliza mpaka akajua mambo yalivyokwenda, kisha, siku moja kabla ya mtoto kunyolewa nywele, akashuka Lushoto na kapu la viazi na kabichi, na Sauda nyuma yake amembeba mtoto. Akapanda ngazi za ile ofisi, akawakuta wote watatu.

"Nimekuja kumtafutia mjukuu wangu somo," alisema. "Aliyemwokoa nataka nimpe jina lake. Ni nani kati yenu?"

Kuna wasiojua somo ni nani. Somo wako ni mwenye jina lako. Ukipewa jina la mtu, mtu yule ni wako: nguo yako ya sikukuu inatoka kwake, ukigombana na mama yako unakimbilia kwake, siku ya harusi yako anakaa mbele na hakuna wa kumwondoa. Ni kupata mtoto bila kuzaa.

Mabinti wakaanza adabu. "Mpe Zaituni, Bibi." "Hapana, Mwanahija." "Naelijwa ndiye." Bi Mwantumu akawatazama, akauliza mahali pa kuswalia Adhuhuri, akaenda. Mlango ulipofungwa, adabu ikaisha.

"Tusidanganyane," Mwanahija akasema. "Bila ule utepe, mstari ungepita mweupe kama mingine na Zaituni angeendelea na sare zake. Miyaa ni yangu. Usiku na mchana niliikalia."

"Rangi umeiweka kwa sababu ya mpira," Naelijwa akamwambia. "Mtoto unamhusu nini? Ulikuwa unanikimbia mimi. Utepe ungesema 'kosa' na namba, Zaituni angefanya nini? Angekuja kuniuliza, niache mahindi, nitafute, na mtoto yuko njiani. Maneno ndiyo yaliyomwambia nani, wapi, na afanye nini."

"Nawe maneno uliyaandika kumkomoa meneja. Mtoto alikuhusu nini wewe?"

"Niliagizwa niyafute. Niliyaacha nikijua naweza kufukuzwa kazi. Wewe ulihatarisha nini, timu yako?"

Walipomgeukia Zaituni, akasema, "Mimi nilivunja sheria, hilo najua. Lakini rangi ilikuwa imeshapita na maneno yameshapotea, mimi ndiye niliyeyarudisha. Na Mhina hakuwa anapatikana. Rangi yenu na maneno yenu vingempigia kinyozi?"

"Wewe kuangalia ndiyo kazi yako," Mwanahija akasema. "Tena ulikuwa umetazama dirishani."

Hapo Zaituni akalia, na alilia kwa hasira. "Nimeolewa miaka mingi na sijapata mtoto. Mnajua na hamsemi, na nawashukuru kwa kutosema. Lakini leo nasema mwenyewe. Nalitaka hili jina kuliko ninyi wawili, na sioni haya."

Naelijwa, mbishi wa kuzaliwa, akasema polepole, "Pole, Zaituni. Ila bibi hakuuliza nani anataka mtoto. Ameuliza nani alimwokoa." Na hata yeye aliyesema hivyo hakumtazama usoni.

Najua mnachotaka kusema. Apewe majina matatu. Bi Mwantumu alishakataa hilo: mtoto ana somo mmoja, akikimbia nyumbani kwao ajue anakimbilia mlango gani. Mwingine anataka kusema dereva. Mhina keshapewa jogoo wake, na kinyozi amemmalizia nywele bure, na mtoto wa kike kumwita Mhina sitaki kusikia. Mwingine anasema mkunga. Mkunga alipewa kanga doti nzima na amesema jina lake halipendi hata mwenyewe. Wamebaki hawa watatu.

Nami kabla sijawaachia niseme langu. Mashine za watu tumezisikia zikisema lugha za watu miaka yote, na sisi tunaitikia tu. Safari hii mashine yetu ilisema Kiswahili, kwa rangi za kwetu zilizopatikana kwa ugomvi wa kwetu, na aliyeisikia alijua nyumba ya kinyozi. Miyaa leo inatumika Kisumu, inatumika Lubumbashi, na wanaoitumia hawajui kwa nini haina nyekundu. Mimi kifua kinanijaa nikisema haya, na asiyependa majivuno avumilie pia. Wote watatu walifanya kazi ya maana. Lakini jina ni moja.

Bi Mwantumu akarudi. Akawakuta wamekaa mbalimbali, macho mekundu. Akamchukua mtoto kutoka kwa Sauda, akasimama naye katikati ya chumba.

"Mmemaliza?" akauliza. "Sikilizeni, wanangu. Yule aliyetangulia tulimzika hana jina. Nikienda kumwombea sina cha kumwita, nasema 'yule mtoto', basi. Huyu anakunywa maziwa na mimi bado namwita 'huyu'. Nimechoka. Kesho asubuhi ananyolewa, na wembe haumgusi kabla sijamwita jina. Nitajieni."

Mwanahija akamtazama Naelijwa. Naelijwa akamtazama Zaituni. Zaituni alikuwa akimtazama mtoto.

Jicho lililoipaka logi rangi kwa ajili ya utani. Ulimi uliokataa kufuta kwa ajili ya ubishi. Na yule aliyegeuka dirishani, akavunja sheria, akajua pa kupiga simu. Haya, majaji, mlisema mnaipokea kesi. Bibi amesimama na mtoto mikononi na anakutazama wewe. Unamtajia jina la nani, na hao wawili waliobaki utawaambia nini?